Kamba za kaiti: kuzipima ili nguvu izimike kweli na kaiti iinuke tena majini

Kaiti, lile bawa kubwa la kitambaa linalomvuta mtu juu ya maji akiwa kwenye ubao, ikikataa kuinuka kutoka majini, wengi hulaumu upepo. Ikiendelea kuvuta hata baada ya mtu kuachia upau anaouelekezea kwa mikono, hulaumu ukubwa wake. Mara nyingi kosa haliko huko kabisa. Liko kwenye sentimita nne au tano za kamba ambazo zimeongezeka upande wa mbele au zimepungua upande wa nyuma, kidogo kidogo, msimu mzima, bila mtu kuziona. Na kamba ya usalama, ambayo hukaa kimya hadi siku ya hatari, huenda imejisokota au imeshika mchanga pale pale inapotakiwa kupita bila kikwazo.

Maelezo haya yanahusu kaiti ya kujazwa hewa inayorushwa kwa upau wa kamba nne, ambao kamba yake ya usalama imeungwa na mojawapo ya kamba mbili za mbele. Ndio mfumo ulioenea zaidi leo. Kamba ya tano ina mambo yake, nayo itafika zamu yake.

Tuanze na sehemu zenyewe, kutoka mwilini kwenda angani. Kiunoni kuna mkanda wenye ndoano. Kwenye ndoano kunaingia kitanzi cha plastiki ngumu, na juu ya kitanzi kuna kifyatuo: ukikisukuma mbali na mwili, kitanzi kinafunguka. Kutoka hapo inapanda kamba nene ya katikati, inapita kwenye tundu la upau, kisha inafika kwenye kibano au mkanda wa kurekebishia. Juu ya hapo ndipo kamba mbili za mbele zinapoanza safari ya mita 20 hadi 25 hivi kwenda kwenye hatamu, yaani vikamba vinavyogawanya mvuto, za ukingo wa mbele wa kaiti. Kamba mbili za nyuma zinatoka ncha za upau, moja kila upande, na kwenda kwenye pembe za nyuma za mabawa. Mwisho kuna ugwe mfupi unaounga mkanda wako na kamba ya usalama, nao una kifyatuo chake chenyewe.

Kuzima nguvu ni mambo matatu

Mkanganyiko mwingi unaanzia hapa, kwa sababu watu hutumia neno moja kwa vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni kusukuma upau mbali nawe. Kamba za nyuma zinalegea, ukingo wa nyuma wa kaiti unapanda, na bawa linakata upepo kwa pembe ndogo. Mvuto unapungua papo hapo, na ukiurudisha upau, unarudi.

Cha pili ni kuvuta kamba ya kurekebishia pale kwenye kibano. Hii inafupisha kamba za mbele zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo kwa kaiti ni sawasawa na kurefusha za nyuma. Ni marekebisho ya kukaa nayo kwa muda, upepo ukiongezeka. Na upepo ukiongezeka si mchezo: nguvu yake hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa) hadi noti 30 kaiti ile ile inapata msukumo mara mbili na robo.

Cha tatu ni kufyatua kitanzi. Hapo hupunguzi nguvu tena, unaiua. Upau na kila kilichounganishwa nao vinakimbia kuelekea kaiti, kamba tatu zinalegea, na kaiti inabaki imeshikwa kwa kamba moja tu ya mbele, ikipepea kama bendera kwenye mlingoti.

Urefu wa kamba unaamua kama hatua ya kwanza na ya pili zitafanya kazi. Hatua ya tatu inaamuliwa na njia: je, upau unaweza kukimbia mbali vya kutosha bila kukwama? Haya ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa na kamba zilizopimwa vizuri kabisa huku mfumo wake wa usalama ukiwa haufanyi kazi. Kila kimoja kina kipimo chake.

Kwa nini kamba hazibaki sawa

Kamba hizi husukwa kwa nyuzi za polietilini imara sana, maarufu kwa jina la Dyneema. Ni nyepesi kuliko maji, ni laini kwa mguso, na zinavumilia mzigo mkubwa kwa unene mdogo. Lakini zina tabia mbili. Zikiwa mpya, msuko wake hujikaza kwenye mizigo ya mwanzo na kamba inarefuka kidogo. Baadaye, zikibeba mzigo kwa muda mrefu, huendelea kurefuka polepole na hazirudi.

Kamba za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mvuto, kwa hiyo ndizo zinazorefuka zaidi. Za nyuma hubeba kidogo, na wakati mwingine hata hufupika, chumvi na mchanga vikiingia ndani ya msuko na kuuvimbisha. Tofauti inakua kutoka pande zote mbili. Matokeo yake ni kaiti ambayo kamba zake za nyuma ni fupi mno: bawa limevutwa nyuma muda wote, hata upau ukiwa mbali.

Kuna upungufu mwingine usiozungumzwa sana. Kila unapofyatua, mzigo wote hubebwa na ile kamba moja ya mbele yenye usalama. Mtu anayefyatua mara kwa mara, au anayetua kaiti kwa njia hiyo, huishia na kamba moja ya mbele ndefu kuliko mwenzake. Kaiti huanza kuvuta upande mmoja, naye anakaza mkono mmoja siku nzima akidhani ndivyo ilivyo.

Sasa, sentimita chache zinabadili nini? Chukua umbali wa mita moja kati ya mahali bawa linaposhikwa mbele na linaposhikwa nyuma, kama kadirio. Kuvuta nyuma kwa sentimita 10 kunabadili pembe ya bawa kwa nyuzi karibu 6. Sentimita 3 ni karibu nyuzi 2. Hatamu zenye kapi hubadili hesabu hii, lakini ukubwa wa jambo ni huo. Kaiti inayoruka vizuri iko ndani ya nyuzi chache tu kutoka pale inapoanza kukosa hewa, yaani upepo unapoacha kuibeba, na kurudi kinyumenyume.

Kupima kwenye msumari

Tafuta nguzo imara yenye msumari mnene au ndoano, kimo cha kiuno, na nafasi ya wazi ya mita 30. Fungua kamba zote hadi mwisho, ziondolee misokoto, kisha vitie vitanzi vyote vinne vya mwisho kwenye msumari ule ule mmoja. Usitumie misumari miwili, kwa sababu tofauti ya sentimita moja kati yao itaharibu kipimo chote.

Rudi kwenye upau. Achia kamba ya kurekebishia hadi mwisho, yaani kaiti iwe kwenye nguvu kamili. Ingiza kitanzi kwenye ndoano ya mkanda, egemea nyuma kwa uzito wa kadiri, na ukae hivyo kama nusu dakika ili kamba zinyooke. Kisha vuta upau taratibu hadi ugonge kitanzi.

Hapo, kwa upau mwingi, kamba zote nne zinatakiwa kukaza kwa pamoja. Baadhi ya watengenezaji hutaka tofauti ndogo, na kitabu cha upau husema. Kama kimesema, kifuate. Kinyume na hapo, soma unachokiona. Upau ukikataa kufika kwenye kitanzi kwa sababu kamba za nyuma zimeshakaza, za nyuma ni fupi. Pima pengo hilo kwa rula: sentimita unazosoma ndizo sentimita za kosa. Upau ukigonga kitanzi huku kamba za nyuma zinaning'inia, za nyuma ni ndefu. Upau ukisimama mshazari, kamba moja ya nyuma ni fupi kuliko ya pili, na ncha iliyo karibu na nguzo ndiyo yenye kamba fupi. Mwisho, shika kamba mbili za mbele kwa vidole, moja kila mkono, uzibonyeze chini kidogo. Iliyolegea ndiyo ndefu.

Ukiwa hapo hapo, pitisha kila kamba kati ya kidole gumba na cha shahada kutoka mwanzo hadi mwisho. Utasikia mahali msuko ulipobonyea ukawa bapa, mahali nyuzi zilipochanika zikawa kama manyoya, na fundo dogo ambalo jicho limelipita mara kumi. Fundo kwenye kamba ya aina hii linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu zake. Lifungue kwa sindano nene ukiweza. Likishakazwa na mzigo hadi halifunguki, kamba hiyo ibadilishwe.

Kurekebisha, na upande gani

Hapa ndipo watu hukosea, kwa sababu mwelekeo unachanganya kichwa.

Kila kamba huungwa kwenye kikamba kifupi chenye mafundo mawili, matatu au manne, ama upande wa kaiti ama chini ya vielea vya upau. Kwa vikamba vya kwenye kaiti, fundo lililo karibu na kitambaa hufupisha kamba na lililo mbali huirefusha. Kwa mafundo ya kwenye upau, lililo karibu na upau hufupisha. Kwa hiyo kama pengo lilikuwa la sentimita 5 na za nyuma ndizo fupi, sogeza kamba zote mbili za nyuma kwenye fundo la mbali zaidi, pima tena, na uendelee hadi pengo liishe. Sogeza zote mbili kwa kiasi kile kile. Kusogeza moja kwanza ili “uone itakuwaje” ni kutengeneza kosa jipya juu ya la zamani.

Mafundo yakiisha na bado kuna pengo, kamba za mbele zimechoka. Zibadilishe jozi, kamwe si moja. Zipo pau ambazo kamba za mbele na za nyuma zina unene na urefu sawa, na hizo zinaruhusu kubadilishana nafasi: za nyuma ziende mbele zikavutwe kidogo, za mbele zirudi nyuma. Ni akili nzuri kwa pau za aina hiyo tu. Kamba nyembamba ya nyuma isibebeshwe mzigo wa mbele.

Usitumie kibano cha kurekebishia kuficha tofauti hii. Ni jambo rahisi kulifanya: kaiti inarudi kinyumenyume, mtu anavuta kibano sentimita 6, inatulia, anaendelea na siku yake. Lakini kama kibano kina safari ya sentimita 25, karibu robo yake imekwisha kabla upepo haujaanza kuvuma. Siku dhoruba ikipanda ghafla na akahitaji kila sentimita iliyopo, hatazikuta.

Kuhakikisha angani

Kipimo cha nguzo ni cha kamba tu. Kaiti nayo ina hatamu zake, na hatamu hurefuka pia, kwa hiyo jaribio la mwisho ni angani, kwenye upepo wa wastani usiobabaisha, ukiwa na mtu wa kukusaidia.

Weka kaiti juu ya kichwa, kibano kikiwa wazi kabisa. Sukuma upau hadi mwisho. Tazama kamba za nyuma: zinatakiwa kuonyesha tumbo dogo, mkunjo mwepesi wa kuning'inia. Zikiwa zimenyooka kama za mbele, kaiti bado inavutwa nyuma na hakuna kuzimika kwa kweli. Kisha vuta upau taratibu hadi ndani na uhesabu sekunde tano. Kaiti ikibaki mahali pake, umefika. Ikianza kuzama nyuma huku kamba zikilegea, sukuma upau haraka, itue kwa utulivu, na urefushe za nyuma fundo moja. Ikiwa kuvuta upau hadi ndani hakuleti mvuto wa maana na kaiti inageuka kwa uvivu, za nyuma ni ndefu mno; zifupishe fundo moja.

Angalia pia mikono yako. Upau ukiwa mbali kabisa, je, vidole bado vinaufikia bila kunyoosha mwili mzima? Safari ndefu ya upau ni nzuri kwenye karatasi, lakini upau usioufikia huwezi kuuelekeza. Pau nyingi zina gololi ya kuzuia inayosogezwa kwenye kamba ya katikati. Iweke pale mkono ulionyooka unapofika, na uhakikishe inateleza ukiisukuma kwa nguvu. Gololi iliyokwama karibu na mwili inamnyima mtu hatua ya kwanza ya kuzima nguvu, naye hatajua hadi anaponyanyuliwa.

Njia ya kamba ya usalama

Sasa hatua ya tatu. Ili kaiti ife, upau unatakiwa kukimbia kwenye kamba ya usalama angalau umbali unaolingana na upana wa kaiti kutoka ncha hadi ncha. Sababu yake ni rahisi kuiona: kaiti imeshikwa upande mmoja, na ncha ya pili lazima iwe huru kwenda na upepo hadi bawa zima lilale kando. Upau ukisimama katikati ya safari, ncha ile ya pili inakatwa mwendo, bawa linanasa upepo tena, na kaiti inaanza kujizungusha. Kila mzunguko unakuvuta na kusokota kamba zaidi.

Piga hesabu. Kaiti ya mita za mraba 12 ambayo upana wake ni mara tano ya kina chake ina upana wa karibu mita 7.7 ikiwa imetandazwa chini. Ya mita za mraba 7 ni karibu 5.9. Angani bawa hupinda na upana hupungua, lakini namba ya kaiti ikiwa imetandazwa ndiyo salama ya kufuata. Maana yake ni kwamba upau mmoja unaotumiwa na kaiti zote mbili unaweza kuiua ndogo vizuri na kuiacha kubwa nusu hai. Upime kwa kaiti yako kubwa kuliko zote.

Jaribio lake linafanyika pale pale kwenye nguzo. Unga ugwe kama unavyouvaa majini. Punguza mkazo, fyatua kitanzi, kisha shika upau kwa mkono wazi na uusukume kuelekea nguzo ukitembea nao. Hesabu hatua zako. Usitumie nguvu: unachotafuta ni mahali unapokwaruza. Pa kwanza huwa ni tundu la upau, mchanga ukiwa umejaa kati ya kamba na ukuta wa tundu. Pa pili ni pale kamba nene ya chini inapoungana na kamba nyembamba, ambapo mshono uliovimba unaweza kugoma kupita. Pa tatu ni pete au fundo mahali kamba za mbele zinapogawanyika. Hapo ndipo upau mwingi husimama kwa makusudi, na ndipo pa kupimia ile namba ya upana.

Misokoto inastahili neno lake. Kila mara unapozunguka na upau au kaiti inapopiga duara bila kurudishwa, kamba za mbele zinajisokota juu ya kibano, na kamba ya usalama imo ndani ya msokoto huo. Msuguano wa kamba iliyozungushwa hauongezeki kwa kujumlisha, unazidishwa kwa kila duara. Misokoto miwili unaweza usiihisi. Sita inaweza kuufunga upau kabisa. Juu ya kifyatuo kuna pingili ya kuzungusha kwa ajili hiyo hiyo. Izungushe kila unapopumzika, na ukirudi ufukweni ioshe kwa maji yasiyo na chumvi hadi ijizungushe kwa kidole kimoja.

Kifyatuo nacho kifunguliwe na kufungwa tena kila siku kabla ya kuingia majini, kikiwa na mzigo na kikiwa hakina. Kiwango cha kimataifa ISO 21853, kilichotolewa mwaka 2020, kinahusu mahitaji na majaribio ya vifyatuo vya mchezo huu. Lakini kiwango hupima kifyatuo kilichotoka kiwandani, na chako kimeshakula mchanga.

Na ugwe uungwe kwenye kamba ya usalama, si kwenye kitanzi. Wapo wanaouunga kwenye kitanzi ili wacheze michezo ya kujitoa kwenye ndoano. Ukiunganishwa hivyo, kuachia kila kitu hakuui kaiti. Anayejifunza asiuguse mpangilio huo kabisa.

Kamba ya tano

Mfumo wa kamba tano una kamba ya pekee inayokwenda katikati ya ukingo wa mbele. Ukifyatua, mabawa yote mawili huanguka nyuma na kaiti inakunjika katikati, na kujizungusha ni nadra zaidi kuliko kwa kamba moja ya mbele. Gharama yake ni kamba ya ziada ya kujisokota na ya kunasa ncha ya bawa.

Urefu wake ndio kila kitu. Ikiwa fupi, inavuta pua ya kaiti chini, umbo linaharibika na kaiti inaruka kama imechoka. Ikiwa ndefu, inaning'inia na kusubiri kunasa. Kaiti ikiwa juu ya kichwa na upau katikati, kamba ya tano inatakiwa kuwa na mlegeo mdogo unaoonekana, si zaidi. Zipo kaiti zilizobuniwa kuegemea kamba hiyo na kuibebesha mzigo. Hizo zifuate vipimo vyake, na zisirushwe kwa upau wa kamba nne bila mtengenezaji kuruhusu.

Kuinua kaiti kutoka majini

Kaiti ya kujazwa hewa ilizaliwa kwa ajili ya jambo hili. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya bawa lenye mirija ya hewa mwaka 1984, na shida waliyokuwa wakiitatua ilikuwa bawa linaloanguka majini lisizame na liweze kuruka tena. Karibu na mwaka 2005 umbo la upinde likaongeza uwezo mkubwa wa kuzima nguvu. Uwezo wote huo unategemea kamba zinazofika kwa wakati.

Kaiti imeanguka, pua iko majini, ukingo wa mbele umelala kama gogo linaloelea. Fungua kibano hadi mwisho kwanza. Kibano kikiwa kimevutwa, kamba za nyuma zimelegea, na unachokivuta ni ulegevu mtupu. Chagua upande, shika kamba ya nyuma ya upande huo juu ya kielea chake, na uivute taratibu kuelekea kwako hadi uhisi uzito. Shikilia hapo. Usitikise wala usivute na kuachia. Ncha ya upande huo inarudi nyuma, bawa linajiviringisha na kusimama kwa ncha moja kama herufi C, kisha linaanza kutambaa juu ya maji kuelekea ukingo wa dirisha la upepo, yaani eneo ambamo kaiti inaweza kuruka mbele yako. Utaona maji yakichuruzika kutoka ncha ya juu. Huo ndio wakati wa kulegeza mkono, nusu kwanza, kisha wote, na kuiacha ipande polepole ukingoni. Ukiendelea kuvuta baada ya hapo, kamba ile ile inageuka kuwa usukani na inairudisha kaiti chini kupitia katikati, penye nguvu zote.

Hapa sentimita zinalipa au zinadai. Upau wa sentimita 50 unakupa sentimita 25 za kuvuta kila upande. Kamba za nyuma zikiwa ndefu kwa sentimita 8, theluthi nzima ya mvuto huo inaishia kwenye ulegevu, na kaiti inatikisa kichwa tu bila kugeuka. Ndiyo maana kushika kamba yenyewe juu ya kielea husaidia, lakini ni dawa ya muda. Zikiwa fupi, kaiti inageuka upesi na kunyanyuka, kisha inakosa hewa mita tano juu ya maji na kuanguka kinyumenyume. Anayeona hivyo mara tatu mfululizo asiongeze nguvu. Asukume upau mbali zaidi kaiti inapopanda, na arudi kwenye nguzo jioni.

Sababu nyingine ni hewa. Mrija wa mbele ulio laini unapinda katikati badala ya kuviringika. Kaiti nyingi za ukubwa wa kati hutaka shinikizo la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 6 hadi 8, ndogo zaidi ya hapo na kubwa pungufu, na namba sahihi mara nyingi imeandikwa kwenye kaiti yenyewe karibu na valvu. Ukipiga mrija kwa ukucha unatakiwa kusikia mlio mkavu. Kaiti iliyojazwa kwenye ubaridi wa ufukweni ikaingia kwenye maji baridi zaidi hupoteza shinikizo kidogo, na vibano vya mirija midogo vikisahauliwa wazi, tundu moja linaitoa hewa yote.

Kaiti ikiwa imelala katikati kabisa ya upepo, kamba zimekaza na haigeuki, ogelea kuielekea mita mbili tatu. Ulegevu huo mara nyingi unaitosha kujilaza chali, na ikishalala chali inaviringika kwa kuvutwa kidogo. Kabla ya yote tazama ncha: kamba iliyopita upande usiofaa wa bawa haitaruhusu kitu, na kuilazimisha kutaianzisha kaiti mizunguko.

Baada ya kufyatua

Kama ulifyatua na hatari imepita, vuta kamba ya usalama peke yake, mkono baada ya mkono, hadi ufike kwenye upau. Usiizungushe mkononi wala kidoleni hata mara moja: kaiti ikinasa upepo, kitanzi hicho kinakata. Usishike kamba ya nyuma kwa bahati mbaya ukiwa safarini, kwa kuwa inaiamsha kaiti. Ukiufikia upau, ondoa mchanga kwenye kifyatuo kwa kukitikisa ndani ya maji, kifunge, usikie mlio wake, rudisha kitanzi kwenye ndoano, kisha hakikisha hakuna kamba iliyozunguka ncha za upau. Ndipo uachie kamba ya usalama polepole, ikirudi mahali pake kaiti inapokaza.

Kama huna nia ya kuruka tena, fanya tofauti. Zungusha kwanza mita kadhaa za kamba ya usalama pekee kwenye upau, kwa idadi inayozidi upana wa kaiti, ndipo uanze kukunja zote nne pamoja. Kwa njia hiyo, kamba nyingine hata zikivutwa, haziwezi kukaza kabla ya ile ya usalama, na kaiti inabaki mfu hadi uifikie.

Kamba mpya zipimwe baada ya siku tatu hadi tano za kwanza, maana ndipo msuko unapojikaza, kisha kila baada ya siku kumi au kumi na tano za kuruka. Bandika kipande cha utepe ndani ya mfuko wa upau na uandike tarehe, fundo unalotumia na pengo ulilosoma, kwa mfano “nyuma fundo la 2, pengo sm 1”. Kipimo kijacho kitakuonyesha kama kamba bado zinatembea au zimetulia.